Kompyuta Inapohema: Uchunguzi Kwanza, Hukumu Baadaye

Kompyuta si chombo cha ofisini peke yake tena. Imeingia sebuleni, ikawekwa karibu na redio na televisheni, na katika nyumba nyingi za askari na polisi imekuwa kabati la familia. Humo zimehifadhiwa picha za arusi, vyeti vya shule vya watoto, nakala za hati za utumishi na hesabu za matumizi ya nyumbani. Na kwa kuwa mtumishi wa jeshi ni mtu wa kuhamishwa, leo yuko kituo hiki na kesho kile, kabati hilo aghalabu halikai ndani ya kompyuta yenyewe. Huwekwa katika diski ya nje au katika flashi, ambayo yaweza kutiwa mkobani ikasafiri pamoja na watoto.

Mara nyingine hutokea kwamba diski hiyo ikishachomekwa, kompyuta hubadilika tabia ghafla. Feni huanza kuvuma. Kishale cha skrini husita. Herufi zilizokwisha kubonyezwa huchelewa kuonekana. Mmoja atasema prosesa imechoka, mwingine atasema mashine imezeeka, na fundi asiye mwaminifu atashauri inunuliwe nyingine. Mwenye haraka naye huichomoa diski kwa nguvu, au huufuta mfumo mzima ili aanze upya. Hapo ndipo hasara ya kweli inapoingia. Kompyuta hununuliwa, lakini picha ya marehemu mama hainunuliwi dukani.

Nia ya makala haya ni kumpa msomaji utaratibu wa kulichunguza jambo hili kwa utulivu, bila kutumia fedha nyingi na bila kuhatarisha mali iliyomo ndani ya diski. Utaratibu wenyewe si mgeni kwa wasomaji wetu. Ni ule ule wa kituo cha polisi: linda kwanza kilicho cha thamani, kusanya ushahidi, mtambue mhusika kwa jina lake, ndipo utoe hukumu.

PROSESA NA MAKARANI WAKE

Prosesa ni sehemu ya kompyuta inayofanya hesabu zote na kutoa amri zote. Diski, kwa upande wake, ni ghala tu. Kitendo cha kuiunganisha diski na mfumo ili faili zake zionekane huitwa kupachika. Jina hilo lina asili yake. Katika kompyuta kubwa za zamani, mhudumu wa mashine alibeba kwa mikono rundo la sahani za sumaku akalipachika juu ya mtambo. Mfumo wa Unix, ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell huko Marekani, ulilirithi neno hilo ukalifanya amri. Siku hizi mikono haihitajiki. Ukichomeka diski, mfumo huipachika wenyewe mara moja.

Ni lazima ieleweke kwamba kupachikwa kwa diski hakuichoshi prosesa. Hata kunakili faili kubwa hakupaswi kuichosha sana, maana data hupita moja kwa moja kutoka kwenye diski hadi kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na prosesa husimamia tu. Mambo hayakuwa hivyo siku zote. Mfumo wa Windows XP, uliotoka mwaka 2001, ulikuwa na desturi ya kushuka hatua kwa hatua kila ulipohesabu makosa sita katika diski ya aina ya IDE, mpaka mwishowe ukarejea njia ya kale ambayo prosesa hubeba data yenyewe, kipande kwa kipande. Kebo mbovu ya bei ndogo iliweza kuifanya mashine nzima itambae kama kobe, na watu wengi waliilaumu prosesa isiyokuwa na kosa.

Nani basi huichosha prosesa leo? Jibu ni makarani. Kati ya ghala na prosesa zipo programu ndogondogo zinazofanya kazi nyuma ya pazia. Mmoja huandika orodha ya mali iliyomo, mwingine hukagua kama kuna virusi, mwingine hutengeneza vijipicha vya kuonyesha, na mwingine hutangaza kwamba diski mpya imefika. Ukichomeka diski yenye maelfu ya faili, makarani hawa wote huinuka kwa pamoja. Kazi ya mchunguzi ni kumjua ni yupi kati yao ameshika prosesa na kukataa kuiachilia.

SOMA DAFTARI LA ZAMU

Kila kompyuta ina daftari la zamu linaloonyesha nani yuko kazini na anatumia nguvu kiasi gani. Katika Windows, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Dirisha liitwalo Task Manager litafunguka. Bofya palipoandikwa CPU, nayo majina yatajipanga, mwenye kazi nyingi akiwa juu. Katika Linux, fungua dirisha la amri, andika top, kisha bonyeza Enter. Chukua karatasi, andika saa, jina lililo juu na asilimia yake. Usitegemee kukumbuka, majina haya hubadilika upesi.

Katika kulisoma daftari hili kuna mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni jina System Idle Process, ambalo huonekana katika orodha ya kina ya Windows likiwa na asilimia 90 au zaidi. Wengi hushtuka wakiliona. La hasha, huyo si mkosaji. Tarakimu hiyo ni ya mapumziko. Huonyesha ni kiasi gani cha prosesa hakina kazi. Ikiwa kubwa, heri.

Mtego wa pili ni asilimia yenyewe. Prosesa za siku hizi zina kori kadhaa, yaani vyumba vya kazi vilivyo ndani ya prosesa moja. Task Manager huhesabu vyumba vyote kuwa 100. Kwa hiyo, katika mashine yenye kori nne, programu iliyokishika chumba kimoja chote huonekana ikiwa na asilimia 25 tu. Programu hiyo hiyo ikitazamwa kwa top katika Linux, huandikwa 100. Usiidharau asilimia 25 isiyoshuka kwa saa nzima, wala usidhani kwamba 100 ya Linux ina maana mashine yote imekwisha.

Mtego wa tatu ndio mkubwa kuliko yote, nao ni kuchanganya kazi na kungoja. Kompyuta yaweza kuganda kabisa huku prosesa haifanyi chochote, ila inasubiri diski ijibu. Katika top, tazama mstari wa juu wenye herufi wa: tarakimu iliyo karibu nayo ni sehemu ya muda ambao prosesa inangoja diski. Katika Windows, tazama safu ya Disk. Ikiwa diski iko karibu na 100 na prosesa iko chini, basi usimtafute karani; diski yenyewe, au kebo yake, ndiyo yenye neno. Habari za diski mgonjwa zimo mbele katika makala haya.

ONDOA MOJA MOJA

Baada ya kuandika majina, fanya jaribio la kutenga. Funga programu zote ulizofungua mwenyewe. Kisha ondoa diski za nje, moja baada ya moja, ukingoja dakika tano kila mara na kutazama daftari. Prosesa ikipumzika baada ya diski fulani kuondoka, umeipata. Ichomeke tena ikiwa peke yake ili uhakikishe, halafu ijaribu katika tundu jingine na kwa kebo nyingine. Mambo mawili yasibadilishwe kwa wakati mmoja, kwani hutajua ni lipi lililoponya.

Kuondoa kuna adabu yake. Katika Windows, bofya alama ya USB iliyo chini upande wa kulia wa skrini na uchague Eject. Katika Linux, bofya alama ya kutoa iliyo kando ya jina la diski. Usichomoe tu. Mfumo huweza kuwa umepokea faili na kuiweka kwanza katika kumbukumbu, ukisubiri nafasi ya kuiandika kwenye diski. Ukichomoa kabla haijaandikwa, faili hubaki nusu. Ni kweli kwamba tangu toleo la 1809 la Windows 10, la mwaka 2018, mfumo huo umepangwa kuandika upesi ili diski iweze kutolewa bila shida. Hata hivyo, faili iliyo katikati ya kunakiliwa bado huharibika.

Mfumo ukikataa kuitoa diski kwa kusema kwamba inatumika, usikasirike. Huo ni ushahidi kwamba yupo karani anayeishikilia. Katika Linux, amri ya fuser -vm ikifuatwa na mahali diski ilipopachikwa itaorodhesha majina ya programu zinazoishika. Amri ya findmnt nayo itaonyesha kila kilichopachikwa, hata kile ulichokwisha kukisahau.

KARANI WA FAHARASA

Mshukiwa wa kwanza ni mwandishi wa faharasa. Huyu hupitia kila faili, akasoma jina lake na mara nyingine maneno yaliyomo, ili siku utakapotafuta barua ya mwaka juzi uipate mara moja. Katika Windows huitwa SearchIndexer.exe. Katika Linux yenye mandhari ya GNOME huitwa tracker-miner-fs-3, na tangu toleo la 47 la mwaka 2024 amepewa jina jipya la localsearch. Katika kompyuta za Apple, jina lake katika orodha ni mds_stores.

Kumkuta akifanya kazi kwa bidii siku ya kwanza si ubaya. Diski yenye picha na hati nyingi yaweza kumchukua saa nyingi. Dawa nzuri ni subira: iache kompyuta ikiwaka usiku mmoja. Lakini ikiwa kazi hiyo hurudiwa kila diski inapochomekwa, mwondolee zamu. Katika Windows, fungua Indexing Options ndani ya Control Panel na uitoe diski hiyo kwenye orodha. Katika GNOME, fungua mipangilio ya utafutaji na uondoe mahali hapo. Katika Apple, iongeze diski katika orodha ya mahali pasipotafutwa na Spotlight. Hasara ni ndogo: kutafuta faili ndani ya diski hiyo kutachelewa kidogo.

Katika Linux yupo pia ndugu yake aitwaye updatedb, ambaye huamka mara moja kwa siku. Katika Ubuntu amekatazwa kuingia /media, mahali diski za nje zinapopachikwa kwa kawaida. Lakini diski iliyopachikwa kwa mkono chini ya /mnt hailindwi na katazo hilo, naye atapita humo kila siku faili baada ya faili. Ongeza jina la mahali hapo katika mstari wa PRUNEPATHS wa faili ya /etc/updatedb.conf, naye ataacha.

MCHORA VIJIPICHA

Mshukiwa wa pili huonekana mtu anapofungua folda yenye video na picha nyingi. Ili kuonyesha kijipicha cha kila moja, mfumo huifungua faili, huisoma na kuipunguza. Katika Windows kazi hii hufanywa chini ya jina la COM Surrogate. Video moja iliyoharibika, pengine kwa sababu simu ilizimika ikirekodi, yaweza kumfanya karani huyu ajaribu bila kikomo na kukishika chumba chote cha prosesa.

Tiba ya haraka ni kuibadilisha folda ionyeshwe kama orodha ya majina badala ya vijipicha. Tiba ya kudumu ni kuipata faili mbovu. Gawa folda katika mafungu mawili na ufungue kila moja. Fungu linaloleta shida ligawe tena mara mbili. Kwa njia hii, hata kama folda ina video 500, hutavuka hatua tisa kabla ya kuifikia yenye kasoro.

MLINZI WA LANGO

Mshukiwa wa tatu ni mlinzi dhidi ya virusi. Katika Windows ya leo huonekana kwa jina la Antimalware Service Executable, na faili yake ni MsMpEng.exe. Huyu husoma kila faili inayofunguliwa au kunakiliwa. Mafurushi yaliyobanwa humchosha zaidi, kwa kuwa lazima ayafungue na kutazama ndani.

Kuna ushauri unaozagaa mitaani kwamba mlinzi huyu azimwe ili kompyuta iwe nyepesi. Ushauri huo haufai kabisa kwa diski za nje. Kumwondoa mlinzi langoni kwa sababu anachelewesha msafara ni kumkaribisha adui. Mwache amalize, na ukaguzi mkubwa upange wakati ambao hakuna anayetumia mashine.

Wasomaji wetu wana sababu ya pekee ya kulizingatia jambo hili. Mwaka 2008, flashi moja ilichomekwa katika kompyuta ya jeshi la Marekani kwenye kituo kilichoko Mashariki ya Kati. Ndani yake mlikuwamo programu ya uharibifu iliyojulikana kwa jina la agent.btz, nayo ikaenea katika mitandao ya jeshi hilo, ya kawaida na ya siri. Mwezi Novemba mwaka huo, wizara ya ulinzi ya nchi hiyo ilipiga marufuku matumizi ya flashi, na marufuku hiyo haikulegezwa mpaka mwaka 2010. Lililo jepesi kuchomeka si lazima liwe jepesi kuliondoa. Flashi ya kazini isiletwe nyumbani, wala ya watoto isipelekwe kazini.

Na ukikuta katika daftari jina usilolijua likiishika prosesa hata baada ya diski zote kuondolewa, hasa kama hunyamaza ukifungua Task Manager na kurejea ukiifunga, shuku virusi. Zipo programu za siri ambazo huitumia prosesa ya mtu kumtafutia mhalifu sarafu za mtandaoni, huku mwenye mashine akilipa umeme.

MKALIMANI WA LINUX

Mshukiwa wa nne hupatikana katika Linux. Diski nyingi hutoka dukani zikiwa zimepangwa kwa mfumo wa NTFS, uliotolewa na Microsoft mwaka 1993 pamoja na Windows NT. Kwa miaka mingi Linux iliusoma kwa msaada wa mkalimani aitwaye NTFS-3G, ambaye toleo lake la kwanza lililokamilika lilitoka mwaka 2007. Mkalimani huyu hafanyi kazi ndani ya kiini cha mfumo, bali nje yake. Kila ombi la kusoma au kuandika hutoka kwenye kiini, likaenda kwake, likarudi. Diski ikiwa ya kasi, au faili zikiwa nyingi na ndogo, safari hizo huwa maelfu kwa maelfu, na jina mount.ntfs hupanda juu ya orodha.

Tangu toleo la 5.15 la kiini cha Linux, lililotolewa Oktoba 2021, umo mfumo mwingine uitwao ntfs3 unaofanya kazi hiyo ndani ya kiini chenyewe, na mzigo hupungua. Mwenye Linux ya zamani afikirie kuiongeza umri wake kwa toleo jipya. Aidha, diski ambayo hutumika kwa Linux pekee ingefaa ipangwe kwa ext4. Na ile inayozunguka kati ya Linux na Windows yaweza kupangwa kwa exFAT, ambayo kiini cha Linux kinaijua tangu toleo la 5.4 la mwaka 2019. FAT32 ya zamani haifai kwa filamu ndefu, kwa kuwa haipokei faili moja inayofikia gigabaiti 4. Tahadhari: kuipanga diski upya ni kufuta kila kilichomo. Asifanye hivyo mtu ambaye hajanakili mali yake mahali pengine na kuifungua nakala hiyo kwa macho yake.

MPIGA MBIU

Mshukiwa wa tano ana jina refu: gvfs-udisks2-volume-monitor. Naye yumo katika Linux. Kazi yake ni kutazama ni diski ipi imepachikwa na ipi imeondoka, ili alama yake ionekane au ifutwe mbele ya mtumiaji. Ni kazi nyepesi, kama ya mpiga mbiu wa kijiji. Lakini kila mabadiliko yanapotokea hulazimika kuisoma tena orodha ya vilivyopachikwa. Orodha ikiwa ndefu sana na mabadiliko yakiwa ya kila sekunde, mpiga mbiu hana nafasi ya kupumua.

Kwa hiyo, ukimwona juu ya orodha, usimlaumu yeye. Uliza ni nini kinachobadilika. Pengine kebo imelegea, na diski inaingia na kutoka mara nyingi kwa dakika bila mtu kuona. Pengine ipo programu inayopachika na kupachua bila kukoma. Fungua dirisha la amri, andika sudo dmesg -w, kisha utazame: mistari ikiendelea kutiririka ikitaja USB na neno disconnect, shida iko katika kebo, tundu au umeme. Ukimsimamisha karani huyu, hutapoteza data yoyote. Alama za diski zaweza kutoweka kwa muda tu. Lakini usipoondoa sababu, atarudi na mbiu yake.

DISKI MGONJWA

Sasa turudi kwa prosesa inayongoja. Diski inayokaribia kufa hujaribu kusoma mahali pabovu mara nyingi kabla ya kukiri kushindwa, na muda huo wote kompyuta husimama. Dalili nyingine ni mlio wa kugonga, kunakili kunakoanza kwa kasi na kuishia kutambaa, na diski kutoweka kisha ikarejea yenyewe.

Kabla ya kukata tamaa, kagua umeme. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500, na la USB 3.0 hutoa 900. Diski inayozunguka ikichomekwa katika tundu dhaifu, au kupitia kigawio kinachoshirikiwa na vifaa vingine, huenda isipate nguvu ya kutosha. Ichomeke moja kwa moja katika tundu la nyuma ya kompyuta, kwa kebo fupi iliyo nzima.

Kisha soma kadi yake ya afya. Diski nyingi hujiwekea kumbukumbu za afya ziitwazo SMART. Katika Linux husomwa kwa smartctl -a, na katika Windows kwa programu kama CrystalDiskInfo. Katika diski za sahani tazama namba nne. Namba 5 huhesabu sekta mbovu ambazo nafasi yake imekwisha kuchukuliwa na za akiba. 197 huhesabu zinazoshukiwa. 198 zile zilizoshindikana kusomeka. Hizi zikiwa zaidi ya sifuri na zikiendelea kupanda, diski inaaga. Lakini namba 199 ikipanda peke yake, furahi: hiyo huhesabu makosa ya njiani, na kwa kawaida kebo mpya hutosha.

Diski ikionyesha kuaga, nakili kwanza, tengeneza baadaye. Anza na vitu vidogo vyenye thamani kubwa: hati, vyeti, barua. Fuata picha. Filamu na muziki ziwe za mwisho, kwa kuwa hupatikana tena. Usianze na amri za kurekebisha kama chkdsk, maana hizo huisomesha na kuiandikisha diski kwa nguvu na zaweza kuimaliza kabla hujaokoa kitu. Mwenye ujuzi atumie ddrescue, ambayo hukusanya kwanza sehemu nzima na kuziacha zilizo ngumu mpaka mwisho. Diski yenye mlio wa kugonga izimwe mara moja na ipelekwe kwa mtaalamu wa uokoaji wa data.

KANUNI ZA NYUMBANI

Mambo machache yakishikwa na kila mtu nyumbani, shida nyingi hazitafika.

Diski zisizotumika zisibaki zimechomekwa. Kila iliyo ndani huongeza kazi ya makarani.

Feni na matundu ya hewa yasafishwe vumbi, kompyuta ikiwa imezimwa na kutolewa kwenye umeme. Mashine iliyojaa vumbi huvuma hata kwa kazi ndogo, na kumpotosha mchunguzi.

Mfumo uwe bado unatunzwa na waliouunda. Windows 7 iliacha kupewa marekebisho mwezi Januari 2020, na muda wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta ya zamani isiyoweza kupokea Windows mpya yaweza kuendelea kuishi kwa Linux nyepesi badala ya kutupwa.

Watoto wafundishwe kutoa flashi kwa adabu, kama wanavyofundishwa kufunga mlango. Na mama au baba anayesimamia hesabu za nyumba aweke daftari dogo la kuandika siku shida ilipotokea, diski iliyokuwamo na jina lililoonekana juu ya orodha. Fundi akiletewa maandishi hayo, kazi yake huwa ya dakika chache, na hana nafasi ya kudai kwamba kila kitu kibadilishwe.

Zaidi ya yote, mali ya familia isikae mahali pamoja. Kanuni inayofuatwa na wenye ujuzi ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati ya hizo iwe mbali na nyumba. Kwa familia ya askari kanuni hii ni rahisi kuliko inavyosikika: nakala moja katika kompyuta, ya pili katika diski inayosafiri nanyi, na ya tatu katika flashi iliyofungwa vizuri na kukabidhiwa kwa bibi au babu kijijini, ikikaguliwa na kuandikwa upya kila mnapokwenda likizo. Mwenye nakala tatu hahitaji kuogopa feni inayovuma. Atafungua daftari la zamu, atamtambua karani, na atampa amri apumzike.